Kompyuta ya kuzamia ikianza kukudanganya: namna ya kuijua, kuipima na kuchagua nyengine

Juzi nimekaa barazani nakunywa chai baada ya daivu ya pili, yani kushuka majini mara ya pili, kompyuta yangu, kile kifaa cha mkononi kinachokwambia kina na muda ulobaki chini, iko mezani mbele yangu, kavu kabisa, nishaisuuza kwa maji baridi na kuifuta, na kioo chake kinaniambia niko mita 1.8 chini ya maji na daivu bado inaendelea, dakika ya 94. Nikabonyeza batani zote, nikaigonga na kiganja, wapi. Ikaendelea kuhesabu mpaka magharibi. Na haikuwa mara ya kwanza, miezi mitatu nyuma ilijizima mita 22 nikiwa na wageni wawili, baada ya kama dakika moja ikawaka tena na kuanza daivu mpya kutoka sifuri kama vile ndo kwanza nashuka, na mimi badala ya kuiweka pembeni siku ile ile nikabadilisha betri nikasema itakuwa sawa. Haikuwa sawa. Ndo maana naandika, kwa wenzangu madaivu masta na mainstrakta, yani viongozi na walimu wa kuzamia, wa Nungwi, Paje, Pemba, Mafia, Diani, Watamu na popote mlipo, maana wengi wetu tunazamia na mashine ambazo tushajua zina kasoro ila tunazibembeleza kwa sababu bei ya mpya inatisha.

Nnaloamini ni hili, kompyuta ilokufa kabisa ina nafuu kuliko ile ambayo leo nzima kesho mbovu. Ilokufa unaijua, kioo cheusi, unapanda taratibu na daivu imeisha. Ile inayokupa namba na namba zenyewe si za kweli ndo ya kuogopa, kwa sababu unaifuata. Na huku kwetu chemba ya presha, ile ya kutibu walodhurika na kuzamia, haipo kila kisiwa, kuna vijana kwenye hii pwani walishuka na mitungi kutafuta majongoo bahari bila kompyuta wala jedwali, wakarudi hawatembei, na mpaka leo wako majumbani kwao. Sisi tunaofanya kazi hii rasmi hatuna sababu ya kufika huko.

Kwanza tuelewane hii mashine inafanya nini, maana ukijua utajua pia inaharibikaje. Ndani yake kuna sensa ya presha, basi. Kila ukishuka mita 10 kwenye maji chumvi presha inaongezeka kama bar moja, sensa inasoma hiyo presha kila sekunde chache, saa ya ndani inahesabu muda, halafu programu inakokotoa naitrojeni ya hewa unayovuta kiasi gani imeingia mwilini, maana ikizidi inaweza kukupooza, na dakika ngapi umebakiza. Haipimi damu yako wala haijui kama umelala vibaya jana au hujanywa maji tangu asubuhi. Hesabu zenyewe mzizi wake ni Haldane wa Uingereza, alowapandisha na kuwashusha mbuzi kwenye chemba na kutoa majedwali yake mwaka 1908, baadae Bühlmann kule Zürich akaziendeleza, mfano wake unaotumika sana leo unaugawa mwili mafungu 16, mengine yanajaa kwa dakika chache mengine kwa masaa mengi. Kwa hiyo kuna kipimo na kuna hesabu. Kipimo kikikosea hesabu nayo inakosea, na kosa hilo halibaki kwenye daivu moja, linabebwa kwenda daivu ya pili na ya tatu ya siku ile.

Sasa kabla hujaitukana mashine, hakikisha ni mbovu kweli, isije ikawa ni mwoga tu. Hili linatuchanganya sana. Mnashuka watatu mita 25 daivu ya tatu ya siku, wawili kompyuta zao zinawapa dakika 15 na wa tatu ameambiwa 6, anapanda juu amenuna anasema yake mbovu. Si mbovu. Kampuni tofauti zinatumia hesabu tofauti. Suunto kwa mfano zinajulikana kukubana kwenye daivu za kurudia, hasa ukipumzika muda mfupi juu au ukipanda mbio, Oceanic zinakuachia mwenyewe uchague kati ya hesabu mbili, moja legevu nyengine kali kidogo. Zote zinafanya kazi yake. Tofauti ya dakika si ubovu, ila tofauti kubwa ya kina, au ya muda wa daivu, huo ni ubovu.

Angalia na setingi. Nishaletewa kompyuta "mbovu" kumbe iko kwenye naitroksi 32, yani hewa ilozidishwa oksijeni mpaka asilimia 32, na mtu anavuta hewa ya kawaida, hiyo ni hatari tupu kwa sababu inampa dakika ambazo hana. Nyengine ilikuwa imewekwa ngazi ya juu ya tahadhari na mtu alowahi kuiazima. Na wale wa Kigoma, ukizamia Ziwa Tanganyika kompyuta ikiwa kwenye setingi ya maji chumvi itakuonyesha kina pungufu kidogo, mita 30 za kweli itasema 29 na kitu, kwa sababu maji ya ziwa ni mepesi. Hiyo ni kawaida, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, kwa hiyo hakikisha kompyuta imeitambua hiyo.

Haya, tuseme umeangalia yote hayo na bado ina vituko. Anza na betri maana matatizo mengi yanaanzia hapo. Dalili ni kujizima ukiwasha taa ya kioo, kujizima ukiwa chini halafu inawaka ukipanda, saa kurudi sifuri, alama ya betri kuonekana imejaa asubuhi na kuwa nyekundu mchana. Betri za duara zile za CR2032 na CR2450 zinauzwa kila duka la saa lakini nyingi ni feki au zimekaa dukani miaka, zinaonyesha nguvu ukizipima na ikija kazi zinalala. Nunua ya kampuni inayojulikana, ikiwa kwenye pakiti yake yenye tarehe, usinunue zile za kuchotwa kwenye bakuli. Ukifungua kifuniko angalia oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji, kwenye mwanga mzuri, pitisha kidole taratibu, uzi mmoja wa nywele au chembe moja ya mchanga inatosha kuingiza maji. Paka grisi ya silikoni kidogo sana, ing'ae tu, na usipake vaselini, inavimbisha mpira. Na kitu ambacho wengi hawakijui, kompyuta nyingi ukitoa betri zinasahau daivu zako za leo, kwa hiyo usibadilishe betri kati ya daivu ya kwanza na ya pili, subiri siku ambayo huzamii.

Ndani ya kifuniko ukikuta ukungu wa kijani au weupe kama chumvi, maji yashaingia. Unaweza kusafisha ikawaka, lakini kwangu mimi hiyo haishuki tena.

Halafu kuna vile visahani viwili vya chuma ambavyo kompyuta nyingi zinatumia kujua kama zimeingia majini. Chumvi ikiganda hapo, mashine haiwaki unaporuka, au haizimi ukitoka. Loweka kwenye maji yasiyo na chumvi, ya vuguvugu kidogo, nusu saa, sugua na mswaki laini, na mara nyingi inapona. Usiihifadhi kwenye begi bichi, itadhani iko majini usiku kucha na betri itakwisha. Batani nazo zikinata dawa ni hiyo hiyo ya kuloweka, ila usipulize dawa za kulainisha chuma, zinakula plastiki, hata dawa za mbu zile kali usishikie kompyuta mkono ukiwa umetoka kujipaka.

Na jambo moja nawaomba sana muwaambie vijana wenu wa vifaa. Ile tabia ya kukausha kifuniko cha regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa, kwa hewa ya mtungi, wakishamaliza wanageuza na kompyuta wanaipulizia kwenye vile vitundu vya nyuma ili mchanga utoke. Vitundu vile ndo mlango wa sensa. Ile hewa inatoka na nguvu kubwa, inaipiga sensa kwa ghafla, na ikishapata hitilafu hairudi. Mimi sina uhakika yangu iliharibiwa na nini lakini nimeshamuona kijana akifanya hivyo kwa macho yangu kwenye kompyuta 4 mfululizo, akidhani ananisaidia. Mchanga unaloweka na kutikisa ndani ya maji, basi.

Sensa ndo moyo na ndo inayodanganya kimya kimya, kwa hiyo ipime. Usiipime na kompyuta moja maana mbili zikitofautiana hujui muongo nani, tafuta tatu. Mimi nilikwenda kwa nahodha wetu, mzee ambaye bado ana bildi ya risasi ya kupimia kina na kamba yenye fundo kila pima, anaitumia akiingia sehemu asiyoiamini.

"Shikamoo nahodha, naomba bildi yako nusu saa."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta mwamba au mchanga?"

"Natafuta hii kompyuta yangu inasema kweli au uongo."

Akaitazama, akatazama maji, akaniambia, "Basi subiri maji yasimame. Ukishusha na mkondo huu kamba italala, na wewe utaisingizia mashine."

Na ni kweli, kamba ikilala pima kumi si pima kumi tena. Tukasubiri kama dakika arubaini, nikazifunga kompyuta tatu pamoja kwenye kamba zote zikiwa sawa, nikazishusha mpaka fundo la kumi, yani mita 18 na kidogo, nikahesabu dakika tano nikavuta. Za wenzangu mbili kina kikubwa zilisoma 18.1 na 18.3. Yangu 16.4. Ile ile ambayo juzi ikiwa kavu mezani ilisema niko mita 1.8! Kwa hiyo haikuwa imehama upande mmoja ukasema utaongeza au utatoa, ilikuwa inapanda na kushuka inavyotaka.

Tofauti ya nusu mita usiogope, kampuni moja inahesabu kwa uzito wa maji chumvi nyengine inatumia uzito wa katikati, na kamba nayo ina mambo yake. Ila karibu mita mbili ni habari nyengine. Chukua jedwali la PADI, lile shirika la mafunzo ya kuzamia, la daivu ya kwanza, mita 18 unaruhusiwa dakika 56, mita 16 dakika 72. Yani kompyuta ikiniambia niko 16 na mimi niko 18, inanipa zawadi ya dakika 16 ambazo hazipo. Kwenye daivu moja labda utapona, sisi tunaoshuka mbili tatu kila siku msimu mzima, siku sita kwa wiki, hizo dakika zinajilundika.

Kama huna boti siku hiyo kuna kipimo kidogo cha nyumbani, chukua kopo la plastiki la chakula lenye kifuniko laini, jaza maji mpaka yamwagike, tia kompyuta, funga bila kuacha hewa, halafu kandamiza kifuniko kwa kidole gumba. Namba ya kina ipande, ukiachia irudi sifuri bila kusita. Haikwambii kama inasoma sawa, inakwambia kama sensa iko hai na inarudi mahali pake. Ikibaki kwenye mita moja na wewe ushaachia, ushapata jibu.

Na ikikufia ukiwa chini? Usiigongegonge huko huko ukapoteza dakika. Mwambie mwenzako kwa ishara, muanze kupanda, taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, kama huna cha kupimia basi usivipite vile viputo vyako vidogo kabisa. Simama mita 5 dakika 3, na kama hewa ipo na geji, yani kipimo cha hewa ya mtungi, inakuruhusu kaa zaidi, hakuna alodhurika kwa kukaa mita 5. Ukifika juu umemaliza kwa siku hiyo, usiazime kompyuta ya mtu ukashuka nayo daivu ya pili, hiyo haijui umetoka wapi, inadhani mwili wako msafi. Subiri masaa 24. Najua bosi atakuwa na wageni wanasubiri, na najua hiyo mazungumzo ni mazito kwa mtu wa mkataba wa msimu, ila yazungumzwe kabla, siku ya kuajiriwa, kwamba kompyuta ikifa mimi sishuki mpaka kesho. Wala msichangie kompyuta moja wawili ndani ya maji, hata mkiwa bega kwa bega, yeye akipanda mita mbili juu ya mwamba kupiga picha nyie si sawa tena.

Kuna kitu nakifanya siku hizi hakina gharama. Nyuma ya slate yangu, kile kibao cha kuandikia chini ya maji, nimeandika kwa kalamu isiyofutika, mita 12 dakika 147, 18 dakika 56, 22 dakika 37, 25 dakika 29, 30 dakika 20. Na nina saa ya kawaida ya kuzamia kwenye mkono wa pili. Mashine ikizima najua nimeshuka saa ngapi na nilikuwa wapi.

Basi umeamua unanunua nyengine. Hapa wengi tunakosea kwa kuanza na bei au na ile alokuwa nayo mgeni wa Ujerumani ikamvutia. Anza na swali la nani ataihudumia. Kompyuta ikiwa lazima irudi Ulaya kubadilishwa betri, wewe unayeishi Makunduchi au Shimoni hesabu wiki za kusubiri, gharama ya kutuma, na ushuru wakati wa kurudi, na kipindi chote hicho huna kompyuta na msimu wa kaskazi hausubiri. Kwangu mimi sharti la kwanza, kabla ya rangi na kabla ya jina, ni betri nayoweza kuibadilisha mwenyewe kwa sarafu.

Kwa hilo za chini zipo nzuri na bei zake ziko chini ya dola 300 au karibu na hapo. Cressi Leonardo ina batani moja tu, namba kubwa, betri CR2430. Mares Puck Pro na Suunto Zoop Novo zinatumia CR2450. Zote zinabeba naitroksi, zote kioo chake ni kile cha kijivu cha kawaida. Kero ya zile za batani moja ni kwamba zinakufanya ubonyeze mara nyingi kubadilisha setingi, ukipitiliza unaanza upya. Na hizi za aina hii ukivunja deko, yani ukiruka vituo vya lazima vya kusimama unapopanda, zinajifunga, baadhi mpaka masaa 48, hazikupi hesabu tena zaidi ya kina na muda. Mimi naona sawa kwa mgeni, ila kwa mtu wa kazi ni vizuri ulijue mapema.

Ukipanda kidogo bei kuna Shearwater ya Kanada, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo nilikoishia. Peregrine ilotoka 2020 ilikuwa karibu dola 500, kioo cha rangi kikubwa, batani mbili, hesabu ya Bühlmann ambayo unaweza kuchagua ukali wake mwenyewe, ngazi tatu zimeshawekwa tayari, na haijifungi hata ukikosea, inaendelea kukwambia la kufanya, jambo ambalo kwangu lina maana kubwa maana mtu alokosea ndo anayehitaji msaada zaidi. Tatizo lake ni betri ya kuchaji ilofungiwa ndani. Inakaa takriban masaa 30, kwa mtu wa daivu tatu za dakika 50 kila siku ni zaidi ya wiki, lakini siku ikichoka baada ya miaka lazima irudi kiwandani. Kaka yake Perdix inatumia betri moja ya AA, ile ile ya rimoti, hata duka la Matemwe utaipata, tena inakubali alkalaini, lithiamu na ya kuchaji. Ila mpya ilikuwa kama dola 1,000. Nikalipiga mahesabu hilo kwa wiki mbili. Mwisho nikapata Perdix ya zamani ilotumika, kwa mtu ninayemjua, kwa bei ya Peregrine mpya.

Kioo usikidharau. Nenda kaitazame juani kwenye boti, halafu kaitazame gizani, halafu ivae ukiwa na maski. Macho ya umri wa miaka 40 na kuendelea yanaanza kukataa namba ndogo za karibu, na msimu wa masika maji yakiwa machafu mita 20 kuna giza la kutosha. Vioo vya kijivu ukiviacha juani juu ya injini vinageuka vyeusi vyote, vikipoa vinarudi, lakini kila mara vinachoka.

Ile habari ya transmita inayosoma presha ya mtungi bila bomba, ni nzuri, ila ni betri nyengine na mawasiliano mengine ya kukatika. Ukiwa nayo usivue geji yako ya kawaida. Kwa kazi yetu ya kuongoza wageni sioni haja ya kulipia hiyo kwanza. Na saa za kisasa kama Apple Watch Ultra na programu yake ya kuzamia zinafika mita 40, Garmin nazo wana Descent, kwa mtu wa likizo sawa, kwa mtu anayeshuka siku sita kwa wiki napenda kitu ambacho hakipokei simu.

Kingine cha kufikiria ni wenzako mnatumia nini. Timu nzima ikiwa na hesabu moja, daivu inaisha pamoja, hakuna wa kuvuta kundi wala wa kubaki nyuma. Ukiwa wewe ndo kiongozi na kompyuta yako legevu kuliko za wageni, utajikuta kila siku unashangaa kwanini wanakuonyesha ishara ya deko wewe bado una dakika 10. Kiongozi awe na kali au sawa na yao. Mimi nimeiweka ngazi ya katikati.

Za mtumba. Wageni wanaondoka wanatuachia vitu, na kusema kweli ndo namna wengi wetu tulipata kompyuta ya kwanza, Mungu awabariki. Lakini shukuru halafu ipime. Fungua kifuniko cha betri uangalie nyuzi na oringi. Ingia kwenye kumbukumbu zake uone daivu zilizopita, ukikuta daivu za mita 1 za masaa matano ujue sensa ilishaanza kuhama. Ishushe kwenye kamba na nyengine mbili. Halafu tafuta jina lake na mwaka wake kwenye mtandao uone kama kampuni iliwahi kuziita zirudi. Yashatokea. Mwaka 2003 kompyuta za Aladin Air X Nitrox za zamani za kampuni ya Uwatec ziliitwa zirudishwe kwa sababu programu yake ilikosea hesabu ya ule muda unaopumzika juu, ilifanya kama vile ukiwa kwenye boti bado unavuta naitroksi, na hivyo ikakuona msafi kabla hujawa msafi. Kioo kizima, betri nzima, kina sahihi, na bado hesabu mbovu. Ukipewa ya miaka mingi hivyo, hata ikiwa inawaka vizuri, bora ikae kwenye kabati la kumbukumbu.

Ukinunua mpya kwa mtu anayekuja kutoka nje, muulize warantii inafanya kazi wapi, nyingi ni miaka miwili lakini lazima irudi kwa muuzaji yule yule na risiti. Risiti ipige picha. Mwambie akuletee na betri tatu za akiba na oringi mbili, dola chache tu, utanikumbuka.

Wiki ya kwanza usiende nayo kwa wageni. Nilikaa na kitabu chake jioni mbili, nikaweka lugha, mita, selsiasi, nikajifunza kila alamu inalia kwa nini, maana alamu usoijua chini ya maji inakuhangaisha bure. Nikaitoa kwenye naitroksi na kuirudisha kwenye hewa mara kumi mpaka vidole vikazoea. Halafu nikaenda na badi wangu, mwenzangu wa kuzamia, mita 12 tu, mchangani, kompyuta yangu na yake bega kwa bega, tunalinganisha kila dakika tano. Kina kilitofautiana 0.2. Kwenye safeti stopu, kile kisimamo cha mita 5, yangu ilianza kuhesabu mapema kidogo kuliko yake, nikaandika.

Na ile ya zamani. Mtu akaniambia niiuze, kwamba inawaka na kioo hakina hata mkwaruzo. Nikafikiria lile sanduku la vifaa vya akiba pale kituoni, vile kila msimu anakuja kijana mpya wa mafunzo hana kompyuta, anafungua sanduku anachukua ya kwanza anayoiona. Nikatoa betri, nikakata mkanda kwa mkasi pande zote mbili, nikaandika MBOVU SENSA kwa kalamu nyekundu juu ya kioo chenyewe, na ndo iko kwenye droo ya nyumbani. Yako ukishaithibitisha kwenye kamba, ifanyie hivyo hivyo siku ile ile kabla hujabadilisha mawazo.